Nani Anadai, Nani Anabainisha?

Orodha hiyo umeshaiona. Inazunguka kwenye simu za wanafunzi wa uandishi wa habari, watafsiri wanaoanza kazi, hata mawakili vijana: juu kitenzi cha Kiingereza "say", chini yake msururu wa "assert", "affirm", "declare", "claim", "maintain", "insist", "allege", "aver". Zamani mtu aliinakili kutoka kwenye kamusi ya visawe. Siku hizi programu za akili mnemba zinakutolea papo hapo, na ukitaka zinakupachikia vitenzi hivyo ndani ya habari yako ili "amesema" isijirudie. Kila orodha hiyo inapopita huwa inafuatwa na malalamiko, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu: mbona wenzetu wana vitenzi tele vya kusema jambo kwa mkazo, sisi tumebaki na kusema, kudai na kusisitiza? Wapo wanaotaka maneno mapya yaundwe haraka ili nasi tuwe na orodha ndefu kama yao.

Nadhani tatizo limesomwa kinyume. Vitenzi hivyo vya Kiingereza havikuwahi kuwa visawe. Kila kimoja kinagawa mzigo kwa namna yake: nani anatakiwa kuleta ushahidi, nani anaaminiwa kabla hajauleta, na mwandishi mwenyewe amesimama wapi. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kazi hiyo. Tunayo, na tuna zana nyingine ambazo Kiingereza hakina. Kilichotokea ni kwamba tumeyaacha mengi ghalani, tukayabebesha mawili, kudai na kuthibitisha, mizigo ya maneno kumi. Na katika ubanaji huo yupo anayefaidika.

Tuanze na ukoo wa maneno yenyewe. "Assert" ni ya Kilatini, na kabla ya kuwa neno la magazeti ilikuwa neno la mahakama za Roma. Mtu aliyeshikiliwa kama mtumwa hakuweza kujisimamia kortini kuutetea uhuru wake. Alihitaji mtu huru aje amwekee mkono na kutamka mbele ya hakimu kwamba huyu si mtumwa. Mtu huyo aliitwa "adsertor", na kitendo chake cha kuweka mkono ndicho kilichokizaa kitenzi. Kitenzi hichohicho kilitumika pia upande wa pili, kwa mtu aliyetaka kumvuta mwingine utumwani. Kwa hiyo "assert" tangu mwanzo ni kuweka mkono juu ya kitu, uwe na haki nacho au usiwe nayo, na kumwachia mpinzani kazi ya kuuondoa. Wengine kwenye orodha wana asili tofauti kabisa. "Claim" ilianza kama kupaza sauti. "Maintain" ni kushika kwa mkono, "insist" ni kusimama juu ya kitu, "affirm" ni kukifanya kiwe imara, "declare" ni kukiweka wazi. Mwingereza wa leo haziwazi asili hizi anapoandika, lakini zimemwachia masikio makali. Akisoma kwamba waziri "claimed" daraja ni salama, anajua mwandishi amerudi hatua moja nyuma. Akisoma "maintained", anajua kuna mtu ameshapinga na waziri bado hajaachia. Akisoma "pointed out", anajua mwandishi mwenyewe amekubali kwamba daraja ni salama. Ndiyo maana miongozo ya uandishi ya mashirika kama Reuters inawaonya waandishi wasitumie "claim" kama kibadala tu cha "said": neno hilo linanong'ona kwamba huamini unachokinukuu.

Sasa tugeukie kwetu. Mtu aliyebanwa maswali akakataa kubadilisha neno, sisi husema ameshikilia kauli yake, au amesimama na neno lake. Kushika kwa mkono, kusimama juu ya kitu: picha ni zilezile, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Kuthibitisha ni ndugu wa thabiti, yaani kukifanya kitu kiwe imara, sawasawa na "affirm". Kubainisha ni ndugu wa bayana, kuweka wazi, sawasawa na "declare". Mwislamu anapotamka shahada anasema "nashuhudia", na Mkatoliki kwenye kanuni ya imani anasema "nasadiki". Sijui kama Kiingereza cha leo kina kitenzi kimoja chenye uzito wa ile "nashuhudia" pale inapotoka kinywani mwa mtu anayejua maana yake. Anayesema lugha hii ni fukara ya maneno ya mkazo amefungua kamusi ya Kiingereza, hajafungua ya kwake.

Ufukara uko kwenye matumizi, na mfano wa kwanza ni kudai. Hili ni neno zuri lililochoshwa. Ninamdai fundi elfu ishirini. Wafanyakazi wanadai nyongeza. Wananchi wanadai haki. Mahakamani kuna mdai na mdaiwa, kuna shauri la madai na hati ya madai, na hapo hakuna aliyetukanwa: mdai ni mtu aliyekuja na neno lake kwa utaratibu, sawa kabisa na yule Mroma aliyeweka mkono. Kisha likaja jukumu la kutafsiri "claim" na "allege" za mashirika ya habari, na kudai likapewa kazi ya kubeba shaka. Matokeo yake, neno ambalo kwenye maandamano ni la heshima, kwenye habari limekuwa la kumtilia mtu mashaka. Miaka ya nyuma, nikiwa mtafsiri kwenye chumba kimoja cha habari, niliandika kwamba familia ya marehemu "inadai" kijana wao alitoka nyumbani akiwa mzima. Kiingereza kilichokuwa mbele yangu kilisema "maintain". Asubuhi yake baba mzazi alipiga simu. Hakufoka. Aliniuliza, "Mwanangu, mimi namdai nani? Nimesema nilichokiona kwa macho yangu." Nikamwomba radhi, nikamwambia, shikamoo yako mzee wangu, hiyo ni lugha ya habari tu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule afisa, mbona yeye hakudai?" Nikaifungua habari niliyoiandika mwenyewe. Afisa alikuwa "amebainisha".

Mzee yule aliona kwa swali moja jambo ambalo sisi wa mezani tulikuwa hatujaliona. Kubainisha na kufafanua ni vitenzi vinavyochukulia tangu mwanzo kwamba kinachosemwa ni kweli. Huwezi kubainisha uongo, kwa sababu kilichobainishwa ni lazima kiwe kilikuwepo, kikafichika, kikaletwa mwangani. Nikiandika kwamba kamanda amebainisha kuwa kijana alianguka, nimeshatoa hukumu kabla sijafika nukta. Nikiandika kwamba baba anadai, nimempa baba deni la kulipa. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Ni mazoea: wenye ofisi wanaeleza, wanabainisha, wanafafanua, wanathibitisha, na wasio na ofisi wanadai. Chukua habari yoyote yenye pande mbili, pigia mstari vitenzi vya kila upande, halafu funika majina. Mara nyingi utamtambua mwenye gari la serikali kwa kitenzi peke yake.

Kuthibitisha kuna hatari zaidi, kwa sababu kunaonekana hakuna ubaya. Kiingereza kina "affirm", "confirm" na "prove", vitu vitatu tofauti. Sisi tumevitia vyote kwenye chungu kimoja. Kwenye habari, "Jeshi la Polisi limethibitisha kutokea kwa tukio hilo" ni sentensi ya kila siku, na maana yake ya kweli ni ndogo tu: msemaji wao amekiri kwamba wamepata taarifa. Lakini kwenye kesi ya jinai, kuthibitisha ndilo jukumu zito kuliko yote, pale upande wa mashtaka unapotakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Kitenzi cha mwisho wa kesi kimetumika siku ya kwanza ya tukio. Msomaji anayesikia kwamba polisi "wamethibitisha mtuhumiwa alihusika" ana haki ya kuuliza hakimu amebakiwa na kazi gani. Na upande wa pili wa jambo hilo una kasoro yake: kukanusha. Mtu akisema tu "si kweli", tunaandika amekanusha, kana kwamba ameleta ushahidi ukaangusha tuhuma, wakati pengine amekana tu. Waingereza nao wana ugonjwa huu kwa "deny" na "refute", kwa hiyo hapa tusijione peke yetu.

Wapo watakaosema haya ni mbwembwe za watu wa lugha, kwamba maisha hayategemei kitenzi. Kenya ya 2017 inatoa jibu. Tarehe 23 Juni mwaka huo, Mahakama ya Rufani iliamua rufaa iliyotokana na kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake dhidi ya tume ya uchaguzi, na hukumu ile kwa sehemu kubwa ilizunguka kwenye swali la nani hasa anatoa tamko la matokeo ya kura za urais. Je, msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge anapotaja hesabu zake, anatoa habari ya muda inayongoja kukaguliwa Nairobi, au anatoa tamko ambalo tayari ni la mwisho? Mahakama ikasema ni la mwisho, na makao makuu hayana mamlaka ya kulibadilisha. Kwa Kiingereza hoja iliwezekana kujengwa kwa sababu "declare" na "announce" ni watu wawili. Katika habari nyingi za Kiswahili wote wawili walikuwa "kutangaza": kituo kimetangaza, eneo bunge limetangaza, mwenyekiti ametangaza. Msikilizaji wa redio hakupata njia ya kujua kwamba kati ya matangazo hayo moja lina nguvu ya sheria na lingine ni sauti tu. Na neno lilikuwepo! Kutamka. Kila mtu wa pwani anajua tofauti ya kutangaza talaka na kutamka talaka. Anayeitangaza anawapa watu habari, anayeitamka ameshaitenda.

Tukitaka kuona namna lugha hii inavyoweza kuchagua kwa makini pale inapoachwa ifikiri yenyewe, tutazame 1967. Waingereza walikiita kile kilichopitishwa na TANU "Arusha Declaration", yaani kitu kilichowekwa wazi. Kwa Kiswahili ni Azimio. Kuazimia si kuweka wazi, ni kujifunga kwa nia ya kutenda. Ukisoma jina la Kiingereza unasikia chama kikisema msimamo wake. Ukisoma la Kiswahili unasikia chama kikijiwekea deni la mbele, ambalo kizazi chochote kinaweza kuuliza limelipwa kiasi gani. Lakini "declaration" nyingine, ile ya haki za binadamu ya 1948, kwenye chapa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa ilipewa jina la Taarifa ya Ulimwengu. Taarifa! Neno tunalolitumia kwa habari ya saa mbili usiku. Wengine baadaye wakasema Azimio, wengine Tamko. Na kiongozi wa umma Tanzania anapojaza fomu ya mali zake kwa Sekretarieti ya Maadili, anatoa tamko. Neno moja la Kiingereza limegawanyika kwetu mara tatu, na kila mgao una uzito wake. Mtu wa orodha ya visawe hawezi kuona hilo, kwa sababu orodha yake inatembea upande mmoja tu, kutoka kwao kuja kwetu.

Mahakamani mambo yanakuwa mazito zaidi. "Affirm" ya kisheria ina historia ya damu ya moto. Waquaker wa Uingereza, yaani Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, walikataa kuapa kwa sababu waliichukua Mathayo 5 kama ilivyo, msiape kabisa, na wakafungwa kwa hilo mpaka sheria ya 1695 ilipowaruhusu kutamka kwa dhati bila kiapo. Karibu karne mbili baadaye, Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton, Uingereza, mwaka 1880 akaomba naye "affirm" badala ya kuapa. Ugomvi ukachukua miaka, hadi sheria ya 1888 ilipompa kila mtu nafasi hiyo. (Waquaker hao hao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ni moja ya nchi zenye Waquaker wengi zaidi duniani, kwa hiyo historia hii si ya mbali kama inavyosikika.) Ukisoma kumbukumbu za mahakama za Tanzania zilizoandikwa kwa Kiingereza utakuta shahidi Mkristo ni "sworn" na Mwislamu ni "affirmed". Tafsiri sasa. Yupi ameapa, yupi amethibitisha? Ukiandika kwamba shahidi wa pili "alithibitisha", msomaji atadhani ushahidi wake umeshakubaliwa. Ukiandika wote "waliapa", umefuta tofauti ambayo sheria imeiweka kwa makusudi.

Na si tofauti ya mapambo. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 2016 yalimruhusu mtoto wa umri mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, kwa sharti kwamba aahidi kusema kweli na si uongo. Baadaye Mahakama ya Rufani ikaeleza kwamba ahadi hiyo ni lazima ionekane kwenye kumbukumbu kabla mtoto hajaanza kusimulia, na ushahidi uliochukuliwa bila ahadi ukakosa thamani. Kitenzi kimoja, kuahidi, kilikuwa kimesimama katikati ya mfungwa na mlango wa gereza. Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, maswali haya hayawezi tena kuachiwa Kiingereza kiyajibu, halafu sisi tutafsiri kwa kukisia.

Kuna hoja za upande mwingine, na moja ninaiheshimu. Inasema mwandishi aachane na vitenzi vyote hivi, aandike "amesema" kila mahali, kwa kila mtu, kamanda na baba wa marehemu sawasawa. Mimi mwenyewe nimeegemea huko kwa miaka mingi, na bado naona "amesema" ndiyo nyumba salama. Udhaifu wake ni kwamba haisemi kitu pale ambapo mwandishi anajua. Kiongozi akirudia kwa mara ya nne jambo ambalo nyaraka zimeshalikataa, "amesema" inaufanya uongo wa mara ya nne uonekane mpya. Hapo "ameshikilia" au "amerudia" ni kweli zaidi. Hoja ya pili ni ya nafasi: kichwa cha habari ni kifupi, na "wadai" ina herufi tano. Hiyo ni shida ya kweli, sina jibu zuri kwayo, ila "wasema" inazidi kwa herufi moja tu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo iliyozijaza programu za kuandikia: kwamba kurudia neno ni uandishi mbaya, hivyo badilisha kitenzi kila sentensi ili lugha ipendeze. Walimu wetu walitupigia mstari mwekundu kwa hilo. Lakini hakuna msikilizaji wa Kiswahili anayechukizwa na marudio kwa jinsi hiyo. Utenzi unarudia, hadithi ya bibi inarudia, wakili mzuri anarudia mpaka jaji aandike. Anayebadilisha "amesema" kuwa "amedai", kisha "amebainisha", kisha "amethibitisha" kwa ajili ya kupendezesha, amebadilisha hukumu yake mara tatu ndani ya aya moja bila ushahidi mpya. Mashine inafanya hivyo bila kujua. Mwandishi hana kisingizio hicho.

Zaidi ya hayo, orodha ya vitenzi inatusahaulisha kwamba Kiswahili kinaweka shaka na uhakika mahali pengine kabisa. Neno "eti" linafanya kwa pumzi moja kazi yote ya "claim": eti daraja ni salama. Wakenya husema "ati" na hakuna anayeuliza unamaanisha nini. Ile -ekan- ya "inasemekana" inamtoa msemaji kwenye sentensi bila kumshtaki mtu. "Inasadikiwa" inatuambia kuna waliokubali, ila hatujaambiwa ni kina nani. Upande wa mkazo tuna "ndiye" na "ndivyo": kati ya "alichukua yeye" na "ndiye aliyechukua" kuna umbali wa kesi nzima. Mtunga kamusi wa Kiingereza akihesabu vitenzi vyetu hataviona hivi, kwa kuwa si vitenzi. Eti, bila shaka, haiingii kwenye taarifa rasmi, inaonekana ya barazani, na pengo iliyoliacha ndilo kudai kumelijaza.

Kwa hiyo ninapoona mapendekezo ya kuunda vitenzi vipya ili tuwe na idadi sawa na ya Waingereza, nauliza kwanza vilivyopo vinafanya nini. Kushikilia kunapewa kazi? Kutamka kumerudishiwa kazi yake kwenye matokeo ya kura? Kukana na kukanusha vimetenganishwa? Mafunzo ya vyumba vya habari yangeweza kuanza na zoezi la kupigia mstari vitenzi na kufunika majina. Mahakama, ambazo sasa zinaandika Kiswahili chao cha kisheria mbele ya macho yetu, zingeweza kuamua mapema neno lipi ni la shahidi asiyeapa, kabla rufaa haijaja kuwaamulia. Na wanaotengeneza programu za kutafsiri wanahitaji kuambiwa kwamba kosa la "maintain" kuwa "dai" si kosa la mtindo.

Siku ile ya simu nilirudi mezani na habari ya mwendelezo. Niliandika kwamba familia imeshikilia kuwa kijana aliondoka nyumbani mzima, na polisi wamesema vinginevyo. Mhariri wangu aliipitisha bila neno. Ilipofika kwa mpangaji kurasa, kichwa kilikuwa kirefu mno kwa safu mbili. Akakipunguza mwenyewe, akarudisha "yadai", na gazeti likaenda mtamboni.